Kujifunza kupiga solo kwa programu: Impro-Visor, Band-in-a-Box, iReal Pro au Audacity?

Noti ya E ikipigwa juu ya kordi ya C, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ni tamu. Noti hiyohiyo ikipigwa juu ya F7 na kuachwa ikining'inia huumiza sikio. Anayejifunza kubuni solo papo kwa papo hutumia miaka akiitafuta tofauti hiyo, na hawezi kuipata akiwa na gita lake peke yake chumbani, kwa sababu kordi lazima ipite chini ya noti wakati uleule anapoipiga. Zamani dawa ilikuwa kumwomba mwenzako akupigie rithimu mpaka achoke, naye huwa anachoka upesi. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu za kompyuta na simu, na baadhi yake zimevuka mpaka: hazikusindikizi tu, bali zinabuni solo zenyewe na kukupigia usikilize.

Nimechagua nne ambazo nimezitumia kwa muda wa kutosha kuzizungumzia, nazo ni Impro-Visor, Band-in-a-Box, iReal Pro na Audacity. Ya mwisho haikutengenezwa kwa ajili ya solo hata kidogo, lakini nimeiweka humu kwa sababu itakayoonekana tukifika kwenye muziki wa kwetu.

Tunapima nini

Swali la kwanza ni kama programu inabuni solo au inakuachia wewe kazi hiyo. La pili ni jinsi msindikizo wake unavyosikika, maana mtu hucheza kama anavyosikia, na dramu zilizokauka huzaa solo zilizokauka. La tatu ndilo ninalolipa uzito zaidi kuliko wauzaji wa programu wanavyolipa: je, inakuonyesha sababu ya noti kufaa au kutofaa, na inakuruhusu kurudia polepole na kuhamisha ufunguo, yaani kupiga kipande kilekile kikianzia noti nyingine? La nne ni gharama, pamoja na kifaa kinachohitajika na kiasi cha data utakachotumia kuipakua. La tano ni uwezo wake wa kuufuata muziki usio wa Kimarekani, kwa sababu karibu zote zilizaliwa katika mazingira ya jazi ya Marekani.

Tahadhari ndogo kuhusu neno hilo. Kwetu jina la "Jazz" lilibebwa na bendi kama Morogoro Jazz na Jamhuri Jazz, ambazo zilipiga rumba na muziki wa dansi, si swingi ya New Orleans wala New York. Anayefungua mojawapo ya programu hizi na kuchagua mtindo wa jazi akitarajia kusikia kitu kinachokaribiana na gita la Mbaraka Mwinshehe atashangaa.

Ili ulinganisho uwe wa haki, nilizipa programu tatu za kwanza kazi moja: bluzi ya F ya baa 12 (kila baa ni mapigo manne), mapigo 120 kwa dakika. Inaanza na F7, inakwenda Bb7, inarudi F7, na kwenye baa ya nane inaingia D7 inayoisukuma kuelekea Gm7 na C7. Baa hiyo ya nane ndiyo mtego wenyewe. D7 ina F#, noti isiyokuwamo katika F7, na mpigaji asiyesikiliza hupita hapo na skeli yake ileile kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Impro-Visor

Programu hii ilianzishwa na Robert Keller, profesa wa sayansi ya kompyuta katika chuo cha Harvey Mudd kilichoko Claremont, California, na jina lake limefupishwa kutoka maneno yenye maana ya mshauri wa ubunifu. Kusudi lake la awali lilikuwa kumsaidia mwanafunzi aandike solo yake mwenyewe kwenye mistari ya noti, na kubuni kwa mashine kulikuja kama msaada kwa kazi hiyo. Historia hiyo bado inaonekana katika namna inavyofanya kazi.

Inabuni solo, na njia yake inaeleweka kwa mtu yeyote aliyesoma sarufi shuleni. Kama sentensi inavyogawanyika kuwa kiima na kiarifu, na kiarifu kikagawanyika tena, ndivyo programu inavyoigawanya solo katika vipande, ikaamua muda wa kila noti na aina yake, kwa mfano noti ya kordi, noti ya kupamba au noti ya kuelekea nyingine, kisha ikachagua noti yenyewe kwa bahati nasibu iliyowekewa mipaka. Sarufi hizo zinaweza kujengwa kutokana na solo zilizoandikwa za wapigaji halisi, na zimo zilizotokana na Charlie Parker wa saksafoni na Clifford Brown wa tarumbeta. Usitarajie kumsikia Parker. Utakachosikia ni mtu aliyejifunza lafudhi yake kwa kusoma barua zake.

Msindikizo ni wa MIDI, yaani sauti za kompyuta yako, na unasikika hivyo: besi iko sahihi, dramu ziko sahihi, lakini hakuna anayetokwa jasho.

Upande wa kuonyesha sababu, hata hivyo, sijaona programu nyingine kati ya hizi inayoikaribia. Kila noti unayoiandika hupewa rangi. Nyeusi ni noti ya kordi, kijani ni noti ya kupamba inayokubaliana na kordi, buluu ni noti inayoteleza nusu hatua kuingia katika noti ya kordi, na nyekundu ni ile isiyo na uhusiano wowote kati ya hayo. Rudi kwenye E yetu juu ya F7. Iandike ikifuatwa na F, nayo inageuka buluu. Futa ile F, weka noti nyingine ya mbali, nayo inageuka nyekundu palepale. Nilimwonyesha jambo hilo kijana anayejifunza saksafoni, akakaa nalo kwa dakika kumi nzima akiihamisha noti moja huku na huku, kisha akasema kwamba sasa ameelewa kwa nini mwalimu wake humwambia kila siku kwamba hakuna noti mbaya, kuna noti iliyoachwa njiani. Kwenye baa ya nane solo zilizobuniwa na programu ziliigusa F# mara nyingi, na kwa kuwa imeandikwa, unaona kwa macho namna ilivyofikiwa.

Haitozwi fedha, na msimbo wake uko wazi. Inatumia Java, kwa hiyo hukubali Windows, Mac na Linux, hata kwenye kompyuta ya zamani, lakini haiko kwenye simu. Anayetaka kupokezana nayo baa nne nne, yeye apige nayo ijibu, kwa kawaida atahitaji kinanda cha MIDI kilichounganishwa. Mitindo inaweza kuhaririwa, na hata kutolewa katika faili la MIDI la wimbo mwingine, ingawa kazi hiyo inadai subira. Kasoro yake kubwa ni sura: madirisha ni mengi, vitufe ni vingi zaidi, na asiyesoma noti atajiona kama mgeni aliyekaribishwa ndani kisha akaachwa sebuleni.

Inamfaa mwanafunzi anayesoma noti au aliye tayari kujifunza, na mwalimu anayetaka kutengeneza mifano ya darasani.

Band-in-a-Box

Band-in-a-Box ya kampuni ya PG Music ya Kanada ilitoka mwaka 1990, na kwa programu ya muziki huo ni umri wa babu. Unaandika majina ya kordi, unachagua mtindo, unabonyeza kitufe, na bendi inaanza. Wanamuziki wengi waliojifunza kabla ya enzi ya simu waliifahamu kwa jambo hilo moja tu.

Inabuni solo pia, kwa njia mbili zisizofanana. Ya zamani ni ya MIDI: unachagua mpigaji wa kubuniwa kutoka katika orodha ndefu, naye anatunga solo mpya kila unapomwomba. Ya pili inatumia kile kinachoitwa RealTracks, yaani rekodi za wanamuziki halisi zilizokatwa vipande na kuunganishwa upya kulingana na kordi ulizoandika. Hapo tofauti na Impro-Visor ni kama ya mchoro wa chakula na chakula chenyewe. Saksafoni inapumua, gita linakwaruza nyuzi, na kwenye bluzi yetu ya F nilijikuta nimeliweka gita langu chini nasikiliza.

Hilo ndilo linalonipa wasiwasi kuhusu programu hii, na nalisema bila kupunguza sifa zake. Solo inayosikika vizuri hivyo humfanya mtu awe msikilizaji. Katika wiki ya kwanza nilibonyeza kitufe cha kubuni upya mara nyingi kuliko nilivyogusa nyuzi. Nilipoweka kanuni kwamba nikisikia kifungu nilichokipenda lazima nikisimamishe, nikipunguze mwendo, nikipige katika ufunguo wa F kisha Bb kisha Eb kabla ya kusikiliza kingine, ndipo ilipoanza kunifundisha. Vifaa vya kufanya hivyo vimo: kupunguza mwendo, kuhamisha ufunguo, kurudia baa chache, na kwa baadhi ya rekodi, kuona noti zilizopigwa. Lakini haikuambii kwa nini noti ilichaguliwa. Inakupa mfano mzuri na kukuacha uuchambue mwenyewe.

Gharama ndiyo kikwazo. Hata kifurushi cha chini huuzwa kwa zaidi ya dola 100 za Marekani, na vile vikubwa vina rekodi nyingi kiasi kwamba husafirishwa ndani ya diski ngumu. Anayenunua data kwa vifurushi vya siku afanye hesabu kabla ya kuanza kupakua. Iko kwa Windows na Mac. Kwa mitindo, ni ghala: swingi, bosa nova, samba, kantri, na mtumiaji anaweza kujitengenezea mtindo wake kwa kuandika mapigo ya dramu, besi na kordi. Mpiga kinanda mwenye nidhamu anaweza kuijengea rumba inayokubalika, ingawa mtindo utakaoutengeneza mwenyewe hautakuwa na wale wanamuziki halisi ndani yake.

Inamfaa mpigaji mwenye kipato, mwenye kompyuta yenye nafasi, anayehitaji pia msindikizo wa kurekodia au wa kufanyia kazi za hotelini akiwa peke yake au wawili.

iReal Pro

Hii ni ya mfukoni. Aliyeitengeneza, Massimo Biolcati, ni mpiga besi wa jazi, na kwa miaka mingi amepiga na Lionel Loueke, mpiga gita aliyezaliwa Benin. Nadhani ndiyo maana programu yenyewe inaonekana imetengenezwa na mtu aliyewahi kusimama jukwaani bila kujua kordi za wimbo ulioombwa. Ilianza kwenye simu mwaka 2008.

Haibuni solo. Tuliseme wazi, kwa sababu wengi huinunua wakidhani inabuni. Inakuonyesha kordi za wimbo zikiwa zimepangwa katika miraba, inazipiga kwa piano au gita, besi na dramu, na solo ni yako. Hata melodi ya wimbo haimo; kordi tu. Msindikizo ni safi lakini haubadiliki sana, na baada ya mizunguko ishirini utakuwa unamfahamu yule mpiga dramu kama jirani.

Nguvu yake iko kwenye mazoezi. Unaweza kuiagiza ipandishe mwendo kidogo baada ya mizunguko kadhaa, au ihamishe ufunguo kila inapomaliza mzunguko, nayo itakupitisha funguo zote 12 bila huruma. Unaweza kuzima besi kama wewe ni mpiga besi, au kuzima piano ili ubaki na besi na dramu na ulazimike kuzibeba kordi kichwani. Jaribu hilo kwenye baa ya nane ya bluzi yetu. Piano ikizimwa, hakuna anayekuambia kwamba D7 imefika isipokuwa noti moja ya besi, na hapo ndipo mtu hujua kama alikuwa anasikia au alikuwa anafuata.

Nina ushahidi wangu, na kosa lilikuwa langu. Kwa wiki kadhaa nilifanya mazoezi ya bluzi hiyo kila usiku kwa mwendo uleule wa 120, nikajiona nimeiva. Jukwaani mpiga dramu wetu alichangamka, akaanza kuvuta mwendo pole pole, na kufika mzunguko wa nne nilikuwa nimepotea kabisa. Mpiga besi alinipigia F nzito nne mfululizo ili nijue tulipo. Kitufe cha kupandisha mwendo kilikuwemo kwenye simu muda wote huo.

Bei hulipwa mara moja na haizidi dola 30. Ni nyepesi, iko kwenye Android na iPhone, na ukishaiweka haihitaji intaneti ili ipige, jambo ambalo anayefanya mazoezi saa za kukatika umeme ataliona ni kubwa. Watumiaji hubadilishana maelfu ya karatasi za kordi bila malipo, nyingi zikiwa nyimbo za jazi na pop. Mitindo ya Kilatini ipo, ila kujitungia mtindo wako haiwezekani. Kwa anayejifunza sebeni, ambako gita la solo huzunguka juu ya kordi mbili au tatu kwa muda mrefu, bado inasaidia: andika kordi hizo, chagua mtindo wa Kilatini ulio karibu, rudia bila kikomo. Mdundo hautakuwa wa Kinshasa, lakini vidole vitapata kazi.

Inamfaa karibu kila aliye na simu na wimbo wa kujifunza, mradi awe tayari ana kitu cha kusema katika solo yake, maana hatafundishwa cha kusema.

Audacity

Audacity ni programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, inayotumika na watu wa redio na studio ndogo. Haibuni chochote wala haikusindikizi. Kinachotuhusu hapa ni uwezo wake wa kubadilisha mwendo wa rekodi bila kubadilisha ufunguo, na kinyume chake, pamoja na kurudia kipande ulichokichagua mara nyingi upendavyo.

Kwa maneno mengine, inakurudisha kwenye njia ya wazee, ya kudaka solo kwa sikio kutoka kwenye santuri, ila santuri yenyewe sasa inakubali kupunguzwa hadi asilimia 60 bila kugeuka mlio wa fisi. Chukua rekodi ya gita unalolipenda, chagua sekunde nne, punguza mwendo, sikiliza, imba, kisha ndipo uguse nyuzi. Kuimba kwanza si pambo. Kifungu usichoweza kukiimba hukikumbuki kesho. Sababu za kinadharia huzipati hapa kabisa, na msindikizo ni ule uliomo kwenye rekodi.

Lakini kwa swali letu la tano hakuna inayoishinda, kwa sababu haina maoni kuhusu muziki. Taksim, yaani solo ya kubuni papo kwa papo, ya kanuni (ala ya nyuzi nyingi) au udi katika taarab ya Unguja, jadi iliyobebwa na vikundi kama Ikhwani Safaa cha mwaka 1905, haiendi juu ya kordi, na katika maqam, yaani skeli za Kiarabu, kama Rast na Bayati zimo sauti zilizo katikati ya noti mbili za piano. Programu tatu zilizotangulia zimejengwa juu ya noti 12 na mfuatano wa kordi, kwa hiyo kwa taksim hazina pa kuanzia. Audacity haijali. Itakupunguzia mwendo wa udi ule mpaka usikie kidole kinavyoteleza.

Inatumia kompyuta ya kawaida ya Windows, Mac au Linux, na haidai kitu zaidi ya spika au vipokea sauti vinavyosikika. Inamfaa mwenye sikio, au anayetaka kulijenga, na mwenye rekodi za wale anaotaka kuwafuata.

Kwa hali yako

Kama ndiyo kwanza unaanza, unasoma noti kidogo na hujui kwa nini baadhi ya noti zinakutoa nje, anza na Impro-Visor kwa mwezi mmoja au miwili, uiandikie solo zako fupi za baa nne na uangalie rangi. Usiiruhusu ibuni kabla hujabuni ya kwako. Ya mashine iwe ya kulinganisha.

Kama skeli na kordi unazijua lakini ukifika jukwaani vidole vinaganda, tatizo lako si maarifa, na solo zilizobuniwa tayari hazitakusaidia. iReal Pro yenye mwendo unaopanda na ufunguo unaohama, dakika 20 kila siku, itakugharimu kidogo na kukuumiza panapostahili.

Kama unapiga hotelini au kwenye sherehe bila bendi kamili, au unafundisha na unahitaji msindikizo unaosikika kama watu, Band-in-a-Box italipa gharama yake, na solo zake zitakuwa nyongeza. Mwenye kipato kidogo anayetaka solo za kubuniwa pekee asiinunue kwa sababu hiyo kabla ya kuijaribu ile ya bure.

Kama huna kompyuta, chaguo ni moja kati ya hizi nne, nayo ni iReal Pro. Mazoezi ya kudaka kwa sikio unaweza kuyaanza hata kwa kicheza muziki cha simu kinachopunguza kasi.

Kama muziki wako ni dansi, gawa muda wako mara mbili: Audacity kwa kudaka vifungu vya magita ya solo unayoyapenda, na iReal Pro kwa kuvizungusha juu ya kordi zilezile katika funguo nyingine. Kama ni taarab na lengo lako ni taksim, kaa na Audacity na rekodi zako, na tafuta mwalimu wa ana kwa ana; Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy), kilichofunguliwa mwaka 2002, kinachofundisha kanuni, udi na fidla.

Na kama tayari unayo mojawapo ya programu hizi kwenye kompyuta yako na hujaifungua tangu mwaka jana, andika F7 kwenye baa ya kwanza na D7 kwenye ya nane kabla ya kununua nyingine.